Mafundo Mawili ya Kamba: Siku Saba Pate Nikihakiki Takwimu za Maji

Jumapili: Malindi hadi Amu

Basi la asubuhi lilijaa kabla ya saa moja. Barabara hii naijua tangu enzi za matope, wakati wa masika ikikatika, abiria mnalala Garsen na watoto wenu. Siku hizi lami imefika hadi Mokowe. Kinachokuchelewesha ni vizuizi vya askari, kila mtu ashuke na kitambulisho mkononi. Gongoni, Garsen, tukavuka Mto Tana, Witu, Hindi, Mokowe. Adhuhuri niko ndani ya boti naelekea Amu, yaani mji wa Lamu, begi nimelipakata nisije nikalilowesha.

Ndani ya begi mna ripoti ya kurasa arobaini na kitu. Mradi mmoja wa maji vijijini, jina silitaji, unasema zaidi ya vituo tisa katika kila kumi ulivyovijenga au kuvikarabati visiwani vinafanya kazi. Sasa kuna fedha za awamu ya pili, na ripoti hiyo ndiyo itakayoamua vijiji gani vijengewe jabia mpya na vipi vingoje. Mimi nimetumwa nihakiki kabla hawajaamua. Vijiji pia sitavitaja, kwa sababu watu walinifungulia milango kwa sharti hilo.

Kwa msomaji wa bara: jabia ni sakafu pana iliyopigwa chokaa au saruji, imeinamishwa kidogo ili mvua inayoiangukia iteremkie kwenye birika lililochimbwa chini ya ardhi. Huzungushiwa ua ili punda na mbuzi wasiichafue. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Visiwani, visima vingi vikiwa vya chumvi, jabia ndiyo maji ya kunywa.

Jumatatu: Amu, mezani

Siku nzima sikutoka ndani, ila saa nne nilishuka kununua mahamri Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kurudi. Watu hudhani kuhakiki kunaanzia uwanjani. Mimi huanza na fomu za asili, zile alizojaza mtu akiwa amesimama kando ya kisima, kabla hazijafika kwa mwenye kujumlisha. Nazisoma moja moja. Namtafuta aliyejaza, siku aliyojaza, na swali aliloulizwa.

Swali lilikuwa hili: "Je, kituo kinafanya kazi? Ndiyo / Hapana." Basi. Hakuna mahali pa kuandika kwamba kinafanya kazi miezi saba kati ya kumi na miwili.

Nikaja kwenye safu ya tarehe. Fomu zote za kisiwa cha Pate zilijazwa kati ya katikati ya Mei na mwanzo wa Juni. Niliweka kalamu chini. Mtu yeyote wa pwani hii anajua Mei ni nini. Ni kilele cha masika, jabia imejaa hadi mdomoni, hata yenye ufa ina maji. Nenda kaulize mwezi huo kama kituo kinafanya kazi, utaambiwa ndiyo, na aliyekuambia hakukudanganya. Mimi nilikuwa nimekaa pale mwanzoni mwa Machi, kaskazi bado inavuma, mvua ya mwisho watu wameisahau.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo liliniudhi zaidi. Faili lililokuwa likipitishwa kwa barua pepe lilikuwa na majina ya wenye nyumba na namba zao za simu, wazi. Sheria ya Kulinda Data ipo tangu 2019. Mama aliyetoa namba yake ili aitwe kwenye mkutano wa kamati hakuitoa izungushwe kwenye ofisi asizozijua. Niliziondoa namba zote kwenye nakala yangu kabla ya kuendelea, na nikaandika ukurasa mzima juu yake.

Niseme kwa nini haya yananikera hivi. Kaunti ya Lamu ina wadi 10, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakataza kutenga fedha za umma nje ya mpango ulioidhinishwa, na mpango unaandikwa kwa takwimu. Kwa hiyo namba ikishaingia kwenye Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti wa 2023 hadi 2027, ndiyo itakayogawa saruji. Kaunti ndogo kama hii ukikosea kijiji kimoja, umekosea watu wenye sura na majina.

Jumanne: Mkanda

Boti ya Pate husafiri na maji. Nahodha alituambia saa nne, tukaondoka saa tano na nusu, maana kupita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, sharti maji yawe yamejaa. Ukikosea utakwama kwenye matope mpaka yajae tena. Mikoko huku na huku, kimya, sauti ya injini tu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na siku kama ile unaamini. Tulishukia Mtangawanda, nikapanda pikipiki, vumbi jeupe mpaka kope.

Kijijini kamati ilikuwa ikinisubiri na mpango tayari: kwanza jabia yenye kibao cha mradi, halafu ile nyingine yenye kibao. Nawaelewa. Mgeni huonyeshwa sebule. Lakini nikikagua nilikopelekwa, nitakuwa nimekagua ukarimu wao.

Nilieleza, mbele ya wazee watano na mwalimu wa shule, kwamba nitachagua kwa kura. Njia ninayoitumia ilizaliwa viwandani Marekani miaka ya 1920, wakikagua mizigo ya bidhaa bila kufungua kila boksi, na watu wa afya wakaichukua miaka ya 1980. Unachukua vituo 19 katika eneo. Lengo likiwa asilimia 80, basi vikitimia 13 au zaidi, eneo limefika. Chini ya hapo, halijafika. Njia hii haikupi asilimia kamili ya eneo lile, inakuambia kama pana shida au hapana, na kwa kuamua wapi uanze, hiyo inatosha.

Mzee mmoja alivua kofia yake, kofia ya kushonwa kwa mkono, nyeupe juu ya nyeupe, akaigeuza. "Tia humu." Nikatia vikaratasi vyote vya orodha ya kisiwa. Mtoto wa mwalimu akachomoa 19, mwalimu akiandika ubaoni. Yenye kibao ilitoka moja tu. Walicheka, nami nikapumua. Tangu hapo hakuna aliyenishuku kwamba nimekuja kutafuta kosa la mtu fulani.

Jumatano: Bibi mwenye funguo

Jabia ya kwanza ilikuwa juu kidogo ya kijiji, penye mkwaju mkubwa. Funguo za lango anazo bibi mmoja, mkewe fundi aliyeijenga, ambaye sasa ni marehemu. Hufungua mara mbili, asubuhi na alasiri, na kila nyumba hupata mitungi miwili ya lita 20. Nilimkuta amekaa kwenye kibao cha mbuzi kivulini, leso begani, daftari la shule mapajani.

"Karibu mwanangu. Wewe ndiwe uliyekuya kuhesabu mai?"

Nikamwambia ndimi, na nikaomba kuona ndani.

Alishusha kamba yeye mwenyewe. Niliitazama ile kamba kwa karibu. Ilikuwa ya nailoni ya wavuvi, imefifia rangi ya kijani, na kila baada ya dhiraa moja palifungwa kipande cha leso kuukuu: chekundu, halafu cheusi chenye doa jeupe, halafu cha manjano. Mwishoni jiwe la matumbawe lililotobolewa. Jiwe lilipogusa chini alishika kamba kwa vidole viwili, akaipandisha polepole, akanionyesha palipolowa. Maji yalikuwa yamefika fundo la pili kutoka chini.

Halafu akafungua daftari.

Nimefanya kazi hii miaka kadhaa. Nimeona mifumo ya kompyuta iliyogharimu fedha nyingi, yenye ramani za rangi. Sijaona kumbukumbu safi kama ile. Safu tatu zilizopigwa kwa rula: tarehe, mitungi iliyotoka, fundo. Kila siku. Siku asizofungua aliandika "sikufungua" na sababu: homa, mazishi, mvua. Yeye aliyaandika kwa herufi za Kiarabu miaka ya mwanzo, baadaye mjukuu wake akawa anamwandikia kwa herufi za shule. Daftari lile lilikuwa la nne.

Nilipima birika kwa utepe: mita 6 kwa mita 4. Dhiraa yake nikaipima kwenye kamba, sentimita 45. Kwa hiyo kila fundo ni mita za ujazo 10.8, yaani lita 10,800, yaani mitungi 540. Nyumba 45, mitungi miwili kila moja, 90 kwa siku. Fundo moja basi lidumu siku sita. Nikarudi kwenye daftari lake, nikahesabu siku kati ya fundo na fundo tangu Disemba. Sita. Sita. Saba, ile wiki ya mazishi. Sita.

Mikono ilinitetemeka kidogo, nasema kweli. Ukihakiki mara nyingi unazoea kukuta hesabu zisizokutana. Hapa mkono wa bibi, kamba ya wavuvi na utepe wangu vilisema kitu kimoja.

Nikamuuliza watu wa mradi waliwahi kuliona daftari lile?

"Hawakuniuliza. Waliniuliza ina mai, nikawaambia ina mai. Hunu ulikuwa mwezi wa mvua, itakosaje?"

Mafundo mawili, siku 12. Masika tunayatarajia Aprili. Na zile lita 40 za nyumba moja, ukizigawa kwa watu sita kama nilivyowakuta katika nyumba nyingi nilizoingia, ni chini kidogo ya lita 7 kwa mtu. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa kwenye kambi za watu waliokimbia vita na mafuriko, vinaanzia lita 15. Watu hawa hawajakimbia popote. Wako kwao.

Kwenye ripoti, jabia ile imeandikwa: kinafanya kazi, ndiyo.

Alhamisi: namba 14

Kikaratasi cha pili cha kijiji kilekile kilikuwa namba 14, "Jabia ya Juu". Nilifungua ramani kwenye simu, nikafuata nukta. Kushoto kwenye ua wa makuti, kulia msikitini, panda, mkwaju huo mbele. Nikajikuta nimesimama langoni kwa bibi.

Nilidhani simu imekosea. Nikatoka, nikaanza upya kutoka shuleni. Mkwaju. Lango. Bibi akacheka, "Umerudi?"

Tulikaa chini, tukayafumbua. Fundi alipoijenga iliitwa Jabia ya Mkwajuni, na jina hilo ndilo lililoingia kwenye orodha ya mwanzo. Miaka kadhaa baadaye wakaja watu wengine wakaziba nyufa na kupiga saruji upya. Wao waliambiwa na vijana inaitwa Jabia ya Juu, wakaandika hivyo. Orodha mbili zikaunganishwa ofisini. Mmoja alichukua nukta akiwa langoni, mwingine mdomoni mwa birika, upande wa pili wa sakafu, mita kama 30. Simu penye uwazi hukosea mita tano hivi. Mashine iliyowekwa kuondoa marudio ilitafuta nukta zilizo karibu kuliko mita 10, ikaona vituo viwili, ikapita.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyebuni. Watu wawili waliandika walichoambiwa, na kila mmoja aliambiwa ukweli. Lakini tazama matokeo: kijiji kimehesabiwa jabia mbili zinazofanya kazi, kimeonekana kimeshiba maji, na kwenye orodha ya awamu ya pili kimeshushwa hadi nafasi ya mwisho. Sisi wakaguzi tunagawa tulichokihesabu kwa kilichoripotiwa. Hapa ni moja kwa mbili, nusu. Nusu hiyo ni mitungi 90 kwa siku ambayo ipo kwenye karatasi tu.

Jioni nilikula mkate wa mofa na samaki kwa mwalimu, lakini akili haikuwepo. Nilikuwa nafikiria kwamba mtoto yeyote wa kijiji kile angelimaliza jambo hili kwa dakika moja, kama angelisomewa orodha kwa sauti. Haikurudishwa hata siku moja. Takwimu zilipanda boti zikaenda Amu, zikapanda basi zikaenda mbali zaidi, na waliozitoa hawakuziona tena.

Ijumaa: vituo vinne

Nilizunguka asubuhi tu, kabla ya sala. Vituo vinne, vitatu sawa na fomu. Kisima kimoja kimewekewa pampu ya injini, na wenyewe wanasema maji yameharibika tangu iwekwe. Kipima chumvi changu kilipanda juu mno, maji ambayo ulimi unayakataa. Visiwani maji matamu huelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba wa matumbawe, kama mafuta juu ya mchuzi. Kisima cha ndoo huchota juu juu. Pampu huvuta kwa nguvu, na ya chini yakapanda. Fomu ya mradi inasema pampu "inafanya kazi". Inafanya. Inatoa maji ya chumvi kwa bidii.

Jumla ya siku zote: vituo 11 kati ya 19 vina maji ya kunyweka. Nilihitaji 13.

Jumamosi: kusoma kwa sauti

Boti ilikuwa ya mchana. Asubuhi nilirudi kwenye mkwaju, bibi alipofungua lango, nikawasomea waliokuja kuchota nilichoandika juu ya jabia yao. Ni dakika kumi tu, na siku hizi sitoki kijijini bila kuzifanya.

Nilipofika penye "kwenda, kuchota na kurudi: dakika 20", mama mmoja kijana aliweka mtungi chini.

"Umehesabu foleni?"

Sikuwa nimehesabu. Nilikuwa nimepima mwendo. Kipimo cha kimataifa kinasema dakika 30 zisizidi, kwenda na kurudi pamoja na foleni, najua hivyo, nimekifundisha mara nyingi, na sikuhesabu foleni. Nikatoa saa. Tukasimama wote, mimi nyuma yake, tukasogea hatua kwa hatua. Dakika 48. Nikafuta 20 mbele yao, nikaandika 48, mama yule akachungulia kuhakikisha nimeandika.

Kisha nikamuomba bibi ruhusa nipige picha kurasa za daftari. Akakubali kwa sharti mbili: jina lake lisiwemo, na mjukuu wake atumiwe nakala ya ripoti, kwa Kiswahili. Niliandika sharti zote mbili nyuma ya daftari lake, nikatia sahihi.

Baadaye

Ofisini Amu nilikabidhi ripoti Jumatatu. Nilipendekeza swali la "ndiyo au hapana" liondolewe, paulizwe miezi mingapi kwa mwaka na fundo la ngapi leo, na daftari za washika funguo ziwe ndiyo fomu ya asili. Afisa aliyenipokea, kijana msikivu, aliniuliza kama daftari la bibi linaweza kuitwa ushahidi. Nikamwonyesha hesabu ya dhiraa. Akaisoma mara mbili, akaomba nimwachie.

Jumapili iliyofuata, siku ya 11 tangu nishike ile kamba, simu yangu ililia nikiwa Malindi. Mjukuu alituma picha: kamba sakafuni, leso nyekundu ya chini kabisa ni kavu, palipolowa ni karibu na jiwe tu. Chini yake ameandika, "Bibi asema hili ni la mwisho, kesho hafungui jioni."

Nikampigia afisa. Alikuwa tayari anatafuta boti ya kupeleka maji. Akauliza ibebe kiasi gani kwa siku, na safari hii hakuwa na haja ya kukisia. Nilifungua picha za daftari nikamsomea: mitungi 90, nyumba 45, na lango la bibi ni moja.